Bima ya maisha ya kikundi: majina yanayorudishwa kwa vipimo ndiyo yanayoamua familia italipwa kiasi gani (uzi kwa waajiri na wafanyakazi wa Tanga)

#1 Baharini_Tanga

Wakuu, heshima kwenu.

Uzi huu ni wa maofisa utumishi, wahasibu na viongozi wa matawi ya vyama vya wafanyakazi hapa Tanga, kuanzia viwandani Pongwe na bandarini mpaka mashamba ya mkonge na shule binafsi. Waajiri wengi siku hizi wanawakatia wafanyakazi bima ya maisha ya kikundi. Orodha ya majina inapelekwa, ankara inarudi, inalipwa, basi. Lakini pamoja na ankara huwa inakuja barua fupi yenye majina matano au sita ya watu wanaotakiwa kwenda kupimwa afya. Barua hiyo inaishia kwenye faili, na ndiyo yenye uzito kuliko karatasi nyingine zote.

Utaratibu wenyewe uko hivi. Mtu akikata bima ya maisha peke yake, kampuni inamchunguza yeye. Kwenye kikundi, kampuni inalitazama kundi zima: umri, jinsia, aina ya kazi, mishahara na idadi ya vifo vya miaka iliyopita. Kutokana na hayo inapanga kiwango kimoja cha ada kwa kila shilingi elfu moja ya kinga. Kwa kuwa watu wameingia kwenye kundi kwa sababu ya ajira, na hawakukimbilia bima kwa sababu wanajijua ni wagonjwa, kampuni iko tayari kumpokea kila mmoja bila kumuuliza habari za afya yake, ila kwa kiasi maalumu tu. Hicho ndicho kikomo cha bila vipimo, ambacho madalali hukiita FCL. Kundi la watu 300 litapewa kikomo kikubwa. Kundi la watu 12 litapewa kidogo sana, au litaambiwa kila mmoja ajaze fomu ya afya.

Chukueni mfano wa kutunga. Kampuni ina watu 120, kinga ni mara nne ya mshahara wa mwaka, kikomo ni shilingi milioni 150. Fundi wa mshahara wa 900,000 kwa mwezi anapata 10,800,000 kwa mwaka, mara nne ni 43,200,000. Yuko chini ya kikomo, amekubaliwa siku ya kwanza. Meneja wa mshahara wa 4,500,000 kwa mwezi anapata 54,000,000 kwa mwaka, mara nne ni 216,000,000. Huyu amevuka kikomo kwa milioni 66.

Meneja huyo ana kinga ya milioni 150 bila maswali. Zile milioni 66 hazipo mpaka apimwe, kampuni iamue, na barua ya kukubaliwa itoke. Akifariki kwa maradhi kabla ya hapo, familia inalipwa 150, hata kama kwenye mkataba wake wa ajira imeandikwa mara nne ya mshahara.

#2 UtumishiPongwe

Ahsante mkuu. Niongezee la ankara, maana hapo ndipo wengi tunapodanganyika.

Kuna kampuni zinazotoza ada kwa kiasi kilichokubaliwa tu, na nyingine zinatoza kwa kiasi chote cha orodha halafu zinarekebisha mwisho wa mwaka. Kwa hizo za pili, mwajiri anaona amelipia milioni 216 na anaamini kinga ni 216. Si hivyo. Ada iliyolipwa kwa ziada ambayo haijakubaliwa inarudishwa au inakatwa kwenye ankara ya mwaka unaofuata. Haigeuki kuwa kinga. Anayetaka kujua msimamo wa kila mfanyakazi aombe orodha yenye safu mbili: kinga inayostahili na kinga iliyokubaliwa. Penye tofauti kati ya safu hizo pana kazi ya kufanya.

Na kabla hatujafika kwenye vipimo, orodha yenyewe iwe safi. Makosa yanayozalisha vipimo visivyohitajika ni yaleyale: mshahara wa mwezi kuwekwa kwenye safu ya mwaka au kinyume chake, posho kuchanganywa na mshahara wa msingi wakati mkataba unasema mshahara wa msingi, na tarehe ya kuzaliwa isiyolingana na kitambulisho cha NIDA. Umri ukikosewa, ada ya kundi inapotoka, na siku ya madai familia inaanza kuhangaika na viapo. Majina pia. Mtu ameandikwa Mwanaidi kazini, NIDA inasema Mwana Iddi, cheti cha kifo kinatoka na jina la tatu. Sawazisheni akiwa hai.

#3 KarataziZaMadai

Nikazie alichosema Baharini, kwa upande wa madai.

Hapo kwenye tofauti ya milioni 66, familia haina cha kudai kwa kampuni ya bima, kwa sababu haikuwahi kuibeba hatari hiyo. Wanamgeukia mwajiri wakiwa na mkataba wa ajira mkononi. Kama mkataba unasema "mfanyakazi akifariki familia italipwa mara nne ya mshahara wa mwaka" bila neno lingine, mwajiri ana deni la kueleza. Wanasheria wengi hushauri mkataba useme kwamba malipo ni kiasi ambacho kampuni ya bima imekubali kwa mfanyakazi huyo. Binafsi naona maneno hayo peke yake hayatoshi kumtendea haki mtu. Mfanyakazi apewe barua inayomwambia: kinga yako ni kiasi hiki, kiasi hiki bado, unatakiwa kupimwa kabla ya tarehe fulani. Asaini kwamba ameipokea. Akikataa kwenda kupimwa, hilo ni chaguo lake, na mke au mume wake asije akashangazwa.

Tusichanganye bima hii na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Ule unalipa kifo au ulemavu uliotokana na kazi. Bima ya maisha ya kikundi inalipa kifo popote kilipotokea, kazini au nyumbani, kwa masharti ya mkataba wake.

#4 Mkonge_Halisi

Wakuu, tawini tunaulizwa maswali mawili kila mara. Kwanza, mbona wanaopimwa ni mabosi tu, hakuna ubaguzi hapo? Pili, mfanyakazi wa chini mwenye kisukari au presha, je, naye analipiwa bila tatizo? Watu wanaogopa kwamba siku ya msiba watatafutiwa sababu.

#5 Baharini_Tanga

Mkuu Mkonge, la kwanza: kipimo kinafuata kiasi cha pesa, hakifuati cheo. Mwenye mshahara mkubwa ndiye anayevuka kikomo. Fundi naye akipandishwa cheo akavuka, ataitwa.

La pili, na wafikishie wanachama kama lilivyo: aliye chini ya kikomo hakuulizwa habari za afya yake, kwa hiyo hakuna alichoficha. Ana kisukari, ana presha, ana selimundu, kinga yake ni kamili. Hapo ndipo uzuri wa bima ya kikundi ulipo. Watu ambao wangekataliwa au kutozwa ada kubwa wakienda peke yao, humu wanaingia kama wengine.

Ila kuna sharti moja la kulielewa vizuri, la kuwa kazini. Siku kinga inapoanza, mfanyakazi awe kazini akifanya kazi zake za kawaida, au awe kwenye mapumziko halali kama wikiendi na likizo ya mwaka. Aliyelazwa au aliye kwenye likizo ya ugonjwa siku hiyo, kinga yake inasubiri mpaka arudi kazini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili na nusu ya pili kwa nusu mshahara. Maana yake mtu anaweza kuwa kwenye daftari la mishahara kwa miezi kadhaa na bado hajaanza kuwa na kinga kwenye mkataba mpya. Likizo ya uzazi kwa kawaida haihesabiwi kama ugonjwa, lakini hakikisheni imeandikwa kwenye mkataba, msitegemee neno la mdomo.

Kwa hiyo siku ya kuanza, ofisa utumishi apeleke pia orodha ya waliokuwa likizo ya ugonjwa siku hiyo. Wengi hawaipeleki kwa kumhurumia mgonjwa. Huruma hiyo inamwacha mwajiri na deni na familia na matumaini yasiyo na msingi. Kama mfanyakazi huyo alikuwa na kinga kwenye kampuni ya awali, ombeni mapema kampuni mpya impokee kwa masharti aliyokuwa nayo. Jambo hilo linajadilika kabla ya kusaini, baada ya kusaini ni vigumu.

#6 UtumishiPongwe

Hapa nitofautishe mpango wa lazima na wa hiari. Mpango ambao kila mfanyakazi yumo ndio unaopewa kikomo kizuri. Ule ambao mtu anachagua kuingia au kubaki nje, kampuni inaweka masharti makali: asilimia fulani ya wafanyakazi lazima waingie, na anayechelewa kuingia baada ya dirisha kufungwa anajaza fomu ya afya hata kama kinga yake ni ndogo. Sababu iko wazi. Anayekaa miaka mitatu nje halafu anakuja mbio mwezi mmoja, kampuni itajiuliza kilichomleta.

#7 Tabibu_Chumbageni

Nimeombwa nieleze vipimo vyenyewe. Nitachukua nafasi kubwa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wazima kabisa, wenye afya yao, wanapotoka na majibu mabaya yasiyo ya kweli.

Kila kampuni ina jedwali lenye umri upande mmoja na kiasi cha kinga upande mwingine. Kadiri umri na kiasi vinavyopanda ndivyo vipimo vinavyoongezeka. Ngazi ya chini ni fomu ya tamko la afya peke yake. Inayofuata ni uchunguzi wa daktari pamoja na damu na mkojo: sukari, figo, ini, mafuta ya damu, VVU, mara nyingine homa ya ini aina ya B. Juu zaidi kinaongezwa kipimo cha umeme wa moyo ukiwa umelala, na kwa viwango vikubwa sana cha umeme wa moyo ukiwa unatembea kwenye mashine, pamoja na picha ya kifua. Mtu wa miaka 32 na wa miaka 52 wenye kinga sawa hawapewi orodha sawa.

Nenda na barua ya kampuni ya bima na kitambulisho chenye picha, kwenye kituo kilichotajwa kwenye barua. Gharama ya vipimo walivyoviomba wao, vikifanyika kwenye kituo chao, kwa kawaida ni yao. Ukijipeleka kwingine kwa hiari yako, pengine hutarudishiwa pesa na majibu yanaweza kukataliwa.

Damu ya sukari na mafuta inataka ukae saa 8 hadi 12 bila kula. Maji matupu ruksa. Chai ya rangi yenye sukari ni chakula, na andazi moja la njiani ni chakula. Mwezi wa Ramadhani msijidanganye kwamba umefunga basi uko tayari: ukila daku saa kumi alfajiri, saa mbili asubuhi una saa nne tu. Ukienda jioni umekaukiwa maji, mkojo umekolea na kipimo cha figo kinaweza kupanda kidogo. Kama barua inaruhusu, sogeza miadi mpaka baada ya Idi. Kama hairuhusu, omba miadi ya saa saba au saa nane mchana na unywe maji ya kutosha wakati wa daku.

Presha. Kikombe cha kahawa chungu barazani, sigara au mirungi ndani ya nusu saa kabla ya kupimwa vinaipandisha. Kupanda ngazi mbio kunaipandisha. Kaa dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini bila kuikunja, mkono mezani usawa wa moyo, usiongee. Mwenye mkono mnene amwombe mhudumu mkanda mpana, kwa sababu mkanda mdogo unatoa namba kubwa kuliko ilivyo. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi, mchunguzi arudie mara tatu kwa kuachanisha dakika chache na aandike zote tatu. Fomu yenye namba moja tu ya juu inarudi mezani na ombi la kupima upya, wiki mbili zimekwenda.

Mkojo. Achia wa mwanzo uende, kusanya wa katikati. Mwanamke aliye kwenye siku zake asogeze miadi, kwa sababu damu kwenye mkojo inasomeka kama tatizo la figo au kibofu. Mazoezi mazito ya siku moja kabla, mpira au kubeba mizigo, yanaweza kuleta protini kwenye mkojo na kupandisha baadhi ya vipimo vya ini. Pombe iachwe siku kadhaa kabla. Dawa zako za kila siku usiziache. Wapo wanaoacha dawa ya presha ili "waonekane hawatumii dawa". Presha inapanda, na dawa zenyewe zimeandikwa kwenye kadi ya kliniki ya Bombo au ya kituo kingine, na daktari wa bima anaweza kuiomba.

Sukari ya kufunga ikifika 7.0 au zaidi, au HbA1c, kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu, ikifika asilimia 6.5 au zaidi, tunazungumzia kisukari. Lakini HbA1c inaweza kupotosha kwa mwenye upungufu wa damu au selimundu. Ukanda wetu huu wa pwani wenye vinasaba vya selimundu ni wengi, kwa hiyo mwambie mchunguzi na uombe aandike kwenye fomu.

Uzito na urefu vipimwe, visiulizwe. Kilo 98 kwa mita 1.70 ni uwiano wa 33.9, na hapo mtathmini wa kampuni ya bima anaanza kuhesabu nyongeza ya ada. Mchunguzi akikukadiria sentimita 165 kwa macho, uwiano unapanda hadi 36. Sentimita tano zinaweza kukugharimu pesa kila mwaka.

#8 Mkonge_Halisi

Daktari, ubarikiwe. Sasa la VVU. Hili ndilo linalowafanya watu wakimbie barua. Wanadhani majibu yanakwenda kwa mwajiri.

#9 Tabibu_Chumbageni

Hayaendi, na yakienda kuna aliyevunja sheria. Kituo kinatuma majibu moja kwa moja kwa kampuni ya bima, kwenye bahasha iliyofungwa au kwa mfumo wao, yakisomwa na daktari wao au mtathmini. Mwajiri anapewa uamuzi tu: amekubaliwa kiasi fulani, kwa ada fulani. Taarifa za afya ni taarifa binafsi nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Kipimo cha VVU kinafanyika kwa ridhaa yako, ukipewa ushauri kabla na baada, na majibu ni siri kwa mujibu wa sheria ya UKIMWI ya 2008. Sheria ya ajira nayo inakataza ubaguzi kazini kwa sababu ya hali ya VVU.

Maofisa utumishi, msipokee bahasha hizo mkononi, hata zikiwa zimefungwa. Msimtume dereva akazichukue. Na fomu ya tamko la afya mfanyakazi aijaze mwenyewe, aifunge mwenyewe. Nimeona fomu zilizojazwa na ofisa kwa mwandiko mmoja, "hapana" kuanzia juu mpaka chini, watu kumi. Fomu ya namna hiyo ni mtego kwa familia, kwa sababu kwenye kiasi kilicho juu ya kikomo, ugonjwa uliofichwa unaipa kampuni sababu ya kukataa sehemu hiyo.

Anayetumia dawa na virusi vimefubazwa asijikatie tamaa mwenyewe. Bima ya maisha kwa watu wenye VVU, kwa ada ya nyongeza, imekuwa ikitolewa Afrika Kusini kwa miaka mingi. Aulize, na aambatanishe majibu ya karibuni ya wingi wa virusi.

#10 Baharini_Tanga

Tukishapima, nini kinatoka? Majibu ya kampuni ni mamoja kati ya haya: kukubaliwa kwa ada ya kawaida, kukubaliwa kwa nyongeza, kukubaliwa huku sababu fulani ya kifo au faida fulani ikiondolewa, kuahirishwa, au kukataliwa. Karibu yote yanahusu kile kiasi kilicho juu ya kikomo. Hata aliyekataliwa anabaki na kikomo chake. Waambieni watu hili kwa sauti, kwa sababu kuna wanaoamini kwamba kwenda kupimwa kunaweza kuwanyang'anya walichonacho.

Nyongeza inahesabiwaje? Turudi kwa meneja wetu wa mfano. Tuseme kiwango ni shilingi 4 kwa kila elfu. Ada ya milioni 216 ni 864,000 kwa mwaka, na ndani yake ada ya ile ziada ya milioni 66 ni 264,000. Amekutwa na presha isiyodhibitiwa na uzito mkubwa, akapewa nyongeza ya asilimia 100. Nyongeza inakaa kwenye ziada, kwa hiyo inaongezeka 264,000, jumla 1,128,000. Nani analipa hiyo 264,000, mwajiri au yeye? Amueni kabla, iandikwe kwenye sera ya kampuni. Mwajiri akinyamaza kwa sababu hataki kulipa, ofa inaisha muda, na kinga inabaki 150.

Ofa ya nyongeza ina tarehe ya mwisho. Vipimo navyo vina umri; kampuni nyingi hazipokei vilivyopita miezi sita. Faili likikwama kwa sababu ya karatasi moja, vingine vyote vinaweza kuchakaa na mtu akaanza upya.

Kinga ikiwa kubwa mno, kampuni inapeleka faili kwa kampuni ya bima mtawanyo (ile inayozikatia bima kampuni za bima), mara nyingi nje ya nchi, na jibu linachelewa. Kwa wakati huo baadhi ya kampuni hutoa kinga ya muda ya ajali tu kwa ile ziada, kwa siku zilizotajwa kwenye mkataba. Ulizeni kama ipo na inaisha lini. Siku zikiisha, haijirudii yenyewe.

#11 KarataziZaMadai

Kuahirishwa kusichukuliwe kama kukataliwa. Mtu amefanyiwa upasuaji miezi miwili iliyopita, au ana kifua kikuu na yuko katikati ya dozi. Kampuni itasema rudi baada ya miezi sita au dozi ikiisha. Hakuna atakayempigia simu. Ofisa utumishi aweke tarehe kwenye kalenda yake.

Aliyekataliwa au kuongezewa ada ana haki ya kuuliza sababu. Njia nzuri ni kuandika barua ya kuomba sababu zipelekwe kwa daktari wake anayemwamini. Mara nyingi inagundulika ni kipimo kimoja kilichoharibika, kinarudiwa kwa gharama yake na uamuzi unabadilika. Wakishindwa kuelewana, malalamiko yanaanza kwa maandishi kwenye kampuni yenyewe, kisha kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Msimamizi wa soko lote ni TIRA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima.

#12 Mama_Sahare

Mimi natoka upande wa SACCOS. Bima ya mikopo ni ndugu wa hii. Ina kikomo chake cha bila vipimo, ila kinapimwa kwa jumla ya mikopo ya mtu mmoja. Mwanachama mwenye mkopo wa maendeleo na wa dharura, kila mmoja chini ya kikomo, akijumlishwa anaweza kuwa amevuka. Wahasibu wanapeleka orodha kwa mkopo badala ya kwa mtu, na hakuna anayeona.

Swali langu ni la mishahara inapopanda katikati ya mwaka, na la kubadilisha kampuni.

#13 Baharini_Tanga

Bi Mama Sahare, shukrani, hilo la kujumlisha ni kweli tupu.

Mshahara ukipanda, mambo ni mawili. Aliyekuwa chini ya kikomo na bado yuko chini, hakuna shida. Aliyevuka kwa mara ya kwanza, ziada yake inasubiri vipimo. Kwa yule aliyekwisha kupimwa na kukubaliwa, mikataba mingi inaruhusu ongezeko la kawaida hadi asilimia fulani bila vipimo vipya. Tuseme asilimia 15: aliyekubaliwa milioni 216 anaweza kufika 248,400,000 bila kurudi hospitali. Asilimia halisi mtaikuta kwenye mkataba wenu. Ongezeko la ghafla lenye sura ya ajabu, mathalani mshahara kuongezwa mara mbili kwa mtu mmoja anayeumwa, litahojiwa.

Kikomo nacho kinabadilika kila mwaka mkataba unapohuishwa. Kundi likipungua kutoka watu 120 hadi 70, kinaweza kushuka. Kabla ya kusaini, dai maandishi kwamba waliokuwa wamekubaliwa kwa kikomo cha zamani hawashushwi. Kikipanda, aliyewahi kukataliwa au kuwekewa nyongeza kwa kawaida hapandi nacho mwenyewe, uamuzi wake wa zamani unamfuata.

Kubadilisha kampuni ndiko kunakopoteza watu wengi zaidi. Kampuni mpya inaweza kukubali kuwapokea waliopimwa bila kuwapima tena, kwa kiasi kilekile na nyongeza zilezile. Itataka ushahidi: barua za kukubaliwa kwa kila jina. Mwajiri asiyekuwa nazo, watu wake wote wa juu wanaanza sifuri, na miaka imepita, presha na sukari zimeingia. Barua hizo zitunzwe nje ya kompyuta ya ofisa mmoja. Na tarehe: mkataba wa zamani ukiisha usiku wa tarehe 30 Juni, mpya uanze tarehe 1 Julai, pasiwe na hata siku moja katikati.

Pia angalieni umri wa mwisho. Kustaafu kwa lazima ni miaka 60, na kinga nyingi zinakoma hapo hata kama mtu ameongezewa mkataba wa ajira. Anayeondoka kazini aulize kama anaruhusiwa kuhamia kwenye bima binafsi bila vipimo na ndani ya siku ngapi. Dirisha hilo ni fupi.

#14 UtumishiPongwe

Kwa wanaotaka kuanza kesho asubuhi, andikeni barua pepe hii kwa dalali au kampuni yenu:

"Tunaomba orodha ya wanachama wote wa mkataba wetu ambao kinga yao inayostahili inazidi kikomo cha bila vipimo. Kwa kila jina mtuonyeshe: kinga inayostahili, kinga iliyokubaliwa hadi leo, vipimo vilivyoombwa na tarehe ya barua, vilivyopokelewa na tarehe, vinavyosubiriwa, uamuzi uliotolewa, nyongeza kama ipo, na kama kinga ya muda ya ajali bado inafanya kazi. Mtuambie pia ada tuliyolipa imehesabiwa kwa kinga ipi."

Ombeni majibu ndani ya siku saba za kazi. Mkishayapata, kila jina lenye "vinavyosubiriwa" lipewe mtu wa kulifuatilia na tarehe.

#15 Tabibu_Chumbageni

Ongeza safu moja hapo, dada: tarehe ambayo vipimo vilivyopokelewa vitapitwa na wakati. Na usiweke safu ya majibu ya vipimo. Hata kampuni ikikosea ikayatuma, yarudishe na uyafute.

#16 UtumishiPongwe

Imepokelewa daktari. Safu ya tarehe ya mwisho wa vipimo ikae mara baada ya "vilivyopokelewa".